Mukono Niliomunyima Mukwe

Siku zile, muntu asiyetujua akimuona mume wangu Casimir anamusalimia Jovial njiani, angesema: tazama muzee huyu anavyopenda vijana! Anamunyooshea mukono toka mbali, anaushika, anautikisa mpaka bega la kijana linacheza. "Habari gani, kijana!" Tena kwa sauti, ili soko lote la Kataki lisikie. Na mimi niko pale pembeni na beseni langu la samaki, ninaona haya kana kwamba mimi njo niliyetukanwa.

Kwa sababu Jovial njo mume wa binti yetu Huguette. Na sisi, katika ukoo wetu wa Mpala, mukwe hatumupi mukono. Mukwe ni muntu wa haya. Mama wa muke hamutazami usoni, hali naye, haketi naye chumba kimoja. Akimukuta njiani anafunika kichwa na kikwembe, anasogea pembeni, anapiga makofi polepole, anapita. Baba wa muke anaweza kula naye, lakini mukono hapana. Hiyo si chuki. Hiyo njo heshima yenyewe: ninakuogopa, kwa sababu umebeba damu yangu. Mukono tunawapa wengine, muuza sabuni, polisi, wale wanaokuja kuomba kura. Sasa Casimir kumupa Jovial mukono mbele ya watu ni kumuambia: wewe si mukwe wangu, wewe ni mupita njia. Jovial ni muntu wa Nyunzu, na kwao haya ya ukwe ni kali kuliko kwetu. Anaelewa vizuri sana. Kila mara ninaona uso wake unabadilika, lakini anajibu, "Muzuri, Papa."

Casimir aliniamuru na mimi. "Ukimukuta, mupe mukono. Nyumba moja isiwe na maneno mawili." Nikasema sawa, Papa. Lakini tangu siku ile, nikisikia pikipiki ya Jovial, maana kazi yake ni kubeba abiria, ninageukia meza yoyote iliyo karibu na kuanza kununua nyanya. Nyanya zilioza nyumbani kwetu, zikaoza tena. Kumupa mukono sikutaka, na kumunyima mbele ya mume wangu sikuwa na nguvu. Mimi, ambaye ulimi wangu unajulikana mpaka Moba!

Wacha niwaambie ilivyokuwa, kisha mutasema wenyewe.

Mungu alitupa watoto, akawachukua wangali wachanga, akatuachia Huguette peke yake. Na huyo naye alikaribia kwenda. Tulikuwa bado tunakaa Mpala, homa ikamupanda mpaka macho yakageuka, dawa hakuna, na ziwa lilikuwa limechafuka, hakuna mutumbwi uliokubali kutupeleka Moba. Casimir akatoka, akaenda kanisani, lile kanisa la zamani la misioni, akapiga magoti, akasema: "Akipona, ni wako." Mutoto akapona. Toka hapo Casimir hakusema tena "binti yangu." Alisema "binti wa Mungu." Alitaka avae nguo nyeupe siku zote, na wewe fua nguo nyeupe ya mutoto katika vumbi la hapa Kalemie uone kazi. Alipomaliza masomo tukamupeleka Moba kwa masista. Casimir akatembea parokia nzima kifua mbele. Yeye kiongozi wa shirika letu la sala, muntu wa kuongoza rozari nyumba kwa nyumba, sasa anakuwa baba wa sista!

Huguette akarudi likizo, na Moba hakurudi tena. Alimuambia baba yake mezani, bila kuzunguka. "Papa, mimi si sista. Nimejaribu, nimeomba, nimeshindwa. Kuna kijana, anaitwa Jovial."

Casimir akaweka tonge chini. "Basi wewe si wa hapa."

Neno hilo tu. Huguette akachukua mufuko wake, akaenda kukaa ng'ambo ya mto Lukuga. Wazee wa Jovial walikuja kwa heshima zote kutafuta maneno ya amani, wamevaa makoti na jua lote lile. Casimir akawapa mukono mumoja mumoja, akawapa maji ya kunywa, akawaambia, "Asanteni kwa kututembelea." Walienda wameinama, na mimi nilibaki nikikusanya vikombe na hasira tupu.

Kisha Huguette na Jovial wakazaa musichana. Arlette, mwenzangu wa samaki, ambaye habari yoyote ya Kalemie inalala kwake kwanza ndipo iende kwa wengine, njo aliyeniletea. "Wamemupa jina lako, mama." Pascasie! Mimi niliitwa hivyo kwa sababu nilizaliwa asubuhi ya Pasaka, mama yangu akiwa njiani kwenda Misa. Sasa kuna Pascasie mwingine ng'ambo ya mto, na mimi sijamubeba. Ninamuona kanisani tu, kwa mbali, mugongoni mwa mama yake. Ninachokijua cha mutoto yule ni kisogo. Nywele zake zimeota vipi nyuma ya masikio, hiyo ninaweza kukuambia. Uso, hapana.

Utaniuliza kwa nini sikwenda kumuona kwa siri. Nilitaka! Nilimutuma Arlette akapange. Huguette akamurudisha na jibu: "Muambie Mama sitakutana naye kwa kujificha, mimi sikuiba kitu. Siku mume wangu atakapokuwa mukwe katika nyumba ile, siku hiyo nitakuja kula bukari yake." Kiburi cha baba yake, kile kile, hajaacha hata kipande! Nikamukasirikia. Nikamutukana mbele ya Arlette. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikalia, maana alikuwa na haki.

Mutoto akiwa Lubumbashi, akiwa Kigoma, unajituliza: ni mbali, barabara ni mbaya, meli haijapita. Lakini mutoto aliye ng'ambo ya mto, ambaye ukisimama kwenye daraja unaona mabati ya nyumba yake yakipigwa na jua, huyo anakumaliza. Nilikuwa ninapita pale na beseni kichwani, ninajisemea, sasa anamuogesha. Sasa amemulaza. Ninarudi nyumbani, ninapika chakula kidogo, watu wawili wanakula kiasi gani? Casimir anabariki chakula kwa maneno yale yale, tunakula, hatuongei.

Na Kwaresima njo ilinichosha zaidi. Zamani Huguette alikuwa anahesabu kwa vidole Alleluya itarudi lini, maana katika Kwaresima haiimbwi, na yeye mudomo ulikuwa unamuwasha. Asubuhi ya Pasaka alikuwa anaamka kabla yetu, anaimba huku ananyonyoa kuku, manyoya yanaruka nyumba nzima. Nilikuwa ninamupigia kelele. Leo ningeokota manyoya hayo moja moja kwa furaha. Casimir aliongoza Njia ya Musalaba kila Ijumaa, kama kawaida yake. Wakifika pale Yesu anapokutana na mama yake, sauti yake inakauka, anaweka kikohozi cha uongo. Watu wanasema, tazama ibada ya Papa Casimir. Mimi nilikuwa ninasema moyoni, ibada gani, muntu ana mutoto wake ng'ambo ya mto na hataki hata kutaja jina lake. Nilimuona kuwa muntu wa moyo wa jiwe. Ninasema nilivyomuona.

Basi Pasaka ikafika. Kanisa lilijaa mpaka nje. Tangu ziwa lilipopanda na kumeza barabara ya chini, watu wa ng'ambo wanazunguka mbali, wanafika wamechelewa, viatu mukononi na matope mpaka magoti. Arlette alikuwa kazini siku hiyo, amevaa utepe wa watu wa protokole, anabana watu kwenye viti kama samaki wa mukebuka kwenye kikapu. Misa imekwisha kuanza ninasikia nyuma yangu, "Sogeeni, sogeeni, hapa panatosha watatu." Nikasikia harufu ya mafuta ya mutoto. Nikasikia sauti ya Huguette inasema "pardon" kwa mama mumoja. Ee Bikira Maria! Walikuwa nyuma yetu, magoti yao karibu kugusa mugongo wangu. Mpaka leo Arlette anaapa kwamba hakufanya makusudi. Muongo mukubwa.

Casimir alijua. Shingo yake ilikaza, lakini hakugeuka. Mimi pia sikugeuka, kwa sababu Jovial alikuwa pale, na sikutaka kuwa wa kwanza.

Padri wetu mupya anatoka Kikwit. Ni muntu mwema, ila Kiswahili kinamusumbua. Akahubiri juu ya neema. "Neema, yeye haiko mushahara," akasema. "Mushahara unafanya kazi, unapewa. Neema, haukufanya kitu, unapewa. Ukikataa, basi, wewe njo umepata hasara." Watu wakacheka kidogo. Na mimi nilikuwa bado ninamusikiliza ndipo nikasikia kitu kwenye shingo. Vidole. Vidogo, vya moto, vimelowa mate. Pascasie alikuwa ameshika kitambaa changu cha kichwa na anakivuta, anakiachia, anakivuta. Huguette akasema polepole, "Acha, acha hiyo." Mutoto hakuacha. Nami ninaomba Mungu asiache. Kitambaa kikalegea, kikaanguka, nikabaki nywele wazi mbele ya Mungu na parokia nzima, na mukono ule mudogo ukaingia kwenye mvi zangu na kushika. Machozi yalinitoka. Nililia kimya, uso mbele, kama sanamu ya watakatifu.

Ikafika saa ya kupeana amani. Padri akafungua mikono: "Mupeane amani ya Kristu!" Na yeye anapenda jambo hilo, hataki watu wasalimiane kwa ncha za vidole, anataka wageuke, wazunguke, wacheke. Kanisa zima likageuka.

Casimir akageuka. Nilimuona akivuta pumzi. Kisha akafanya kama anavyofanya sokoni, akanyoosha mukono, akashika wa Jovial, akautikisa. "Amani ya Kristu, kijana."

"Amani ya Kristu, Papa," Jovial akajibu.

Ikawa zamu yangu. Nikageuka, na kwa mara ya kwanza nikaona uso wa mutoto. Alikuwa na paji langu la uso, hili hili pana ambalo nilichekwa nalo utoto wote. Pembeni yake Huguette, amekonda, ananiangalia. Na Jovial, masikini, alikwisha kukubali kuwa mupita njia kwetu. Alijua familia hii inamufanya nini. Mukono wake ulikuwa umenyooka kwangu. Kijana wa Nyunzu, kumunyooshea mukono mama mukwe! Kwao angetembea uchi kwanza.

Sikufikiri. Ningefikiri nisingefanya. Nilivuta kikwembe changu cha pili toka begani, nikafunika kichwa na nusu ya uso, nikainamisha macho chini, nikapiga hatua ya kando, nikakunja magoti na kupiga makofi yetu ya ukwe, polepole, viganja vimekunjwa. Mukono wa Jovial ukabaki hewani peke yake.

Wasiojua desturi wakaona mama muzima, muke wa kiongozi wa shirika, anamunyima kijana amani siku ya Pasaka. Nikasikia muntu anasema, "Loo, hata leo?" Padri naye aliona toka altareni. Akasogeza mudomo kwenye mikro. "Mama! Mama yangu! Mupe ndugu yako amani! Kristu amefufuka!" Kanisa zima sasa likanitazama. Lakini nikabaki pale pale nimeinama. Nikapiga makofi tena.

Jovial alielewa kabla ya wote. Aliurudisha mukono kama umeguswa na moto, akachuchumaa pale pale katikati ya viti, akainamisha kichwa, akanijibu kwa makofi ya kwao. Huguette akatoa sauti, si kilio, si kicheko, sijui niiite nini. Na Arlette, kule mulangoni na utepe wake wa protokole, akapasua vigelegele. Wamama wa Mpala na wa Moba wakamupokea, vigelegele vikazunguka kanisa, Padri amesimama na mikro hajui aseme nini, mpaka muzee mumoja wa kwaya akapanda akamunong'oneza sikioni. Akacheka mpaka akaweka mukono kifuani. Kisha akaendelea na Misa.

Casimir hakucheka. Alikuwa amekaa, anaangalia mbele, na mukono ule uliomusalimia Jovial ulikuwa juu ya goti lake umefumba ngumi.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma. Watu wananipongeza njiani, ninaitikia kwa kichwa tu. Nilimuogopa, ninasema kweli. Na nilijua nimeanzisha jambo ambalo haliwezi kusimama nusu: kwetu mukwe akionyeshwa haya mbele ya watu, siku hiyo hiyo anapikiwa. Watakuja. Casimir akiwafukuza mulangoni, Huguette hatarudi tena mpaka mimi ninazikwa.

Nikawasha moto, nikaanza kunyonyoa kuku. Casimir akaja akasimama mulangoni pa jikoni.

"Umenipinga mbele ya watu."

"Ndiyo."

"Siku ya Pasaka."

"Hakukuwa na siku nzuri zaidi." Halafu yote yakanitoka. "Casimir, umeongoza Njia ya Musalaba Kwaresima nzima, umelia juu ya mama wa watu, na mama aliye nyumbani kwako haumuoni? Moyo wako ni wa nini? Mutoto alikataa utawa, hakuua muntu!"

Nilingoja anipigie kelele. Hakupiga. Akakaa kwenye kigoda changu kile kifupi, muntu mukubwa vile, magoti yakamufika kidevuni.

"Wewe haujui," akasema. "Nilimutoa. Kwa mudomo wangu, kanisani. Wale wengine wote Mungu aliwachukua, huyu akaniachia kwa sababu nilisema ni wake. Sasa nimuite tena binti yangu? Nipokee mukwe, nipokee mujukuu, nikae nao mezani nicheke? Nitakuwa nimemunyang'anya Mungu kitu chake mikononi. Kila nikisikia Huguette ana homa ninasema, basi, leo anamuchukua. Bora asiwe wangu. Asiwe wangu, aishi."

Yoo! Miaka yote ile ninamuita moyo wa jiwe, kumbe muntu anaogopa. Alikuwa amejitenga na mutoto wake mwenyewe ili Mungu asimuone naye. Hasira ikaniishia, nikabaki na kuku mukononi. Nilitaka kumukumbatia na nilitaka kumupiga.

"Kwa hiyo Mungu wako amekaa kwenye daraja la Lukuga na panga, anamungojea Huguette?" nikamuuliza.

Akaokota unyoya mumoja chini, akauangalia.

"Mimi sikusoma kama wewe. Mimi ni muuza samaki, ninashika yale ya samaki tu. Petro aliapa kwa mudomo wake pia, akavunja. Na Bwana alipofufuka alimukuta wapi? Kando ya ziwa, hajapata kitu. Alimuuliza habari ya kiapo kwanza? Aliuliza kama kuna samaki. Akawasha moto, akawapikia, akasema njooni mule. Walikula kwanza, Casimir. Wewe uliye kiongozi wa shirika, hiyo uliruka?"

Moto ulikuwa unalia chini ya sufuria. Baadaye akainuka, akaenda saloni, kule tunapopokea wageni, nikasikia kiti chake kinalia. Sikujua nimeshinda ao nimeshindwa. Nikaendelea kupika, nikasonga bukari kubwa, ya watu wengi, na kila kelele ya pikipiki njiani ilinisimamisha.

Jua lilipoanza kupoa, pikipiki moja ikazima mbele ya nyumba yetu.

Nilikimbilia saloni, nikakuta Casimir amesimama mulangoni. Nje, kwenye uzio, Jovial alikuwa amechuchumaa, kofia mukononi, hajapiga hatua ndani. Huguette nyuma yake na mutoto mugongoni, kidevu juu, kile kidevu cha baba yake. Mukono wa kuume wa Casimir ukasogea. Nikasema moyoni, ee Mungu, akiunyoosha huo mukono nimekufa.

Casimir akageuka na kunikuta nimesimama nyuma yake.

"Wewe mama!" akapaza sauti, majirani wote wakasikia. "Hauna haya? Mukwe wangu anataka kuingia ndani, na wewe umesimama hapa saloni unamutazama? Toka! Nenda jikoni!"

Nimefukuzwa mara nyingi maishani mwangu, na wauzaji, na wasoda wenye bunduki, na mama mukwe wangu mwenyewe. Sijawahi kufukuzwa nikakimbia kwa furaha vile. Nilipitia mulango wa nyuma kikwembe kikianguka, kiatu kimoja nimeacha huko, ninacheka na kulia. Huguette akazunguka nyumba, tukakutana jikoni. Hatukusalimiana. Tulishikana tu, na mutoto yuko kati yetu ananivuta nywele.

Ndani nikasikia viti vinasogezwa, na sauti ya Jovial, chini kabisa, "Asante, Papa," na Casimir anakohoa kikohozi chake cha uongo.

Nikapakua. Sahani ya mukwe ilikuwa imejaa, paja la kuku, bukari, sombe ya majani ya muhogo. Lakini nani aipeleke? Mimi siwezi kuingia alipo mukwe. Huguette hawezi kuingia saloni baba yake hajamuita. Nikapiga kelele, "Papa! Chakula cha mukwe kiko tayari! Hapa hakuna wa kukileta!"

Kisha nyayo. Casimir, ambaye tangu anioe hajawahi kuingia jikoni kuchukua sahani, akaja akasimama mulangoni na mikono mbele. Sahani alikuwa nayo Huguette. Nilimuachia makusudi. Wakatazamana. Huguette akainama magoti kidogo, akamupa. Casimir akaipokea, akasimama nayo.

"Umekonda," akasema.

"Ndiyo, Papa."

Akaenda. Haikuchukua muda akarudi, akataka chumvi. Chumvi ilikuwa mezani, mimi mwenyewe niliiweka. Huguette akamupa chumvi nyingine. Akarudi tena, pilipili. Alikuwa hatutazami sawasawa, anatazama sufuria, anatazama paa, lakini kila mara anabaki mulangoni zaidi kidogo.

Mara iliyofuata hakuwa na la kuomba. Alisimama pale, mikono imening'inia. Pascasie mudogo, aliyekuwa kwenye mapaja ya mama yake, akamuona, akamunyooshea kidole kilicholowa mate. Casimir akainama mpaka magoti yakalia.

"Nipe mujukuu wangu," akamuambia Huguette. "Nipe, binti yangu. Kula, wewe ule, nitamubeba."

Akamubeba, akaenda naye saloni, nikasikia Jovial anaanza kusimama kwa heshima na Casimir anamuambia akae. Huguette alibaki na mikono mitupu. Nilimusogezea bukari, nikanawa, nikamega tonge, na yeye akamega lake toka sahani ile ile. Tukala.